Bangi ilitoka wapi, na ilifikaje Nyanda za Juu Kusini?

SWALI, kwa ufupi, kutoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari, Makambako: "Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamegawanyika. Kundi moja linasema bangi ni mmea wa asili wa huku, maana babu zao wa Uhehe na Ubena waliukuta. Kundi la pili linasema ililetwa na Waarabu. Mmoja amesoma kwamba Ulaya wanalima bangi ya kutengenezea kamba, hempu, akaniuliza kama ndiyo katani yetu ya Tanga na kama inaweza kustawi Njombe. Niwaeleze nini?"

JIBU

Mwalimu, anza na la katani, kwa sababu lisiponyooshwa hilo mengine yote yatapinda. Katani tunayoijua sisi ni uzi wa mkonge, na mkonge hauna undugu wowote na bangi. Asili yake ni Mexico. Uzi wake uko ndani ya jani nene lenye mwiba nchani. Wa bangi uko kwenye ganda la bua. Mkonge uliingizwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai ni 62 tu, na mashamba ya Tanga yalianzia hapo. Mkanganyiko ulikuja kwa sababu wafanyabiashara wa Ulaya walikwisha zoea kuita hempu kila uzi wa kusokotea kamba. Uzi wa Manila, unaotoka kwenye mmea wa jamii ya mgomba, waliuita hempu. Wa mkonge Wajerumani wakauita Sisalhanf, yaani hempu ya sisal. Kwa hiyo mwanafunzi akikuta kwenye nyaraka za zamani kwamba koloni la Wajerumani lilisafirisha hempu kwa tani, asidhani Tanga palikuwa na mashamba ya bangi. Ni mkonge huo.

Hempu halisi ndiyo bangi yenyewe. Mimea hii miwili kwa kawaida huhesabiwa kuwa spishi moja, Cannabis sativa, jina alilolipa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753. Mwaka 1785 Lamarck, mtaalamu wa Kifaransa, alipata vielelezo kutoka India akaona vinatofautiana na mmea wa Ulaya, akaviita Cannabis indica, na wataalamu wanabishana hadi leo kama ni spishi mbili au moja. Ndugu yao wa karibu ni hopsi, ule mmea unaotia bia uchungu. Wa mbali kidogo ni mpesi, mti unaoota haraka kwenye misitu iliyokatwa, ambao huenda wanafunzi wako wanaupita kila siku bila kujua kwamba uko familia moja na bangi.

Tofauti ya hempu na bangi ya kulevya iko kwenye kemia. Mmea hutengeneza kwanza kemikali mama iitwayo CBGA, kisha vimeng'enya viwili vinaigombania: kimoja huigeuza kuwa kitangulizi cha THC, ambayo ndiyo inayolevya, kingine kuwa kitangulizi cha CBD, ambayo hailevyi. Mmea uliorithi kimeng'enya cha kwanza hujaa THC. Uliorithi cha pili hujaa CBD. Uliorithi vyote viwili huwa katikati. Nchi nyingi zinazoruhusu hempu zimeweka mpaka wa THC kwenye asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Mpaka huo ni wa wanasheria, mmea wenyewe haujui. Kwa macho huwezi kuuona: majani ni yale yale na harufu ni ile ile. Maabara tu ndiyo inayoamua.

Sasa asili. Afrika si kwao. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2021, uliolinganisha mimea 110 kutoka pande nyingi za dunia, unaonyesha kwamba bangi ilianza kufugwa Asia ya Mashariki, eneo la China ya leo, miaka 12,000 hivi iliyopita. Mwanzoni ulikuwa mmea wa kazi zote: mbegu za kula na mafuta, ganda la kamba na nguo. Njia mbili, ya uzi na ya kulevya, zilianza kuachana kama miaka 4,000 iliyopita, watu walipochagua mbegu kwa makusudi tofauti. Wa kamba walichagua mmea mrefu wenye bua jembamba lisilo na matawi. Wa kulevya walichagua mfupi, wenye matawi mengi na maua yanayonata.

Ushahidi wa kale na wa wazi zaidi wa watu kuvuta moshi wake umetoka kwenye makaburi ya Jirzankal, milima ya Pamir, magharibi kabisa mwa China, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Makaburi hayo yana miaka 2,500 hivi. Ndani yake walikuta vyetezo vya mbao: kipande cha gogo kilichochimbwa katikati kama kinu kifupi, na ndani yake mawe ya mviringo ya ukubwa wa kushika mkononi. Mbao zimeungua upande wa ndani tu. Maana yake mawe yalipashwa moto kwanza mahali pengine, yakatiwa kwenye kinu, kisha majani au maua yakawekwa juu yake. Wanakemia walikwangua mabaki wakakuta CBN, kitu ambacho THC hugeuka ikichakaa. Bangi ya porini huwa na THC kidogo; mabaki haya yalionyesha nyingi. Kwa hiyo waombolezaji wale ama walichagua mimea yenye nguvu, ama walikuwa tayari wanaipanda. Kwenye makaburi ya Yanghai, karibu na Turpan, lilikutwa furushi la gramu 789 za bangi lililozikwa na mtu miaka 2,700 hivi iliyopita. Na Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alikwisha andika kuhusu Waskithi waliojifungia kwenye hema dogo, wakatupa mbegu za mmea huu juu ya mawe ya moto na kupiga kelele za furaha kwa mvuke wake. Wengi walimwona mzushi, mpaka wachimbaji wa Kirusi walipokuta hema, mawe na mbegu makaburini Pazyryk, Siberia.

Wanafunzi wasikariri tarehe hizi bila kujua zinapatikanaje. Chavua hudumu maelfu ya miaka kwenye matope ya ziwa, lakini chavua ya bangi na ya hopsi zinafanana mno chini ya hadubini, na madai mengi ya zamani yameanguka kwa sababu hiyo. Kamba iliyooza ni ngumu kutofautisha na ya kitani. Mbegu ni ushahidi mzuri, ila ina mafuta yanayofika theluthi ya uzito wake, huchacha, na joto likizidi haioti baada ya mwaka mmoja au miwili. Kumbuka jambo hilo la mbegu, nitalirudia tukifika pwani.

Njia ya kaskazini ni njia ya kamba, nayo naipita haraka. Hempu ilifika Ulaya ikawa mmea wa serikali, kwa sababu hakuna meli bila kamba na matanga. Venice ilikuwa na kiwanda chake maarufu cha kamba ndani ya bohari la jeshi la majini. Mwaka 1533 mfalme Henry VIII wa Uingereza aliagiza kila mkulima atenge robo eka ya kitani au hempu kwa kila eka 60 anazolima. Bado hazikutosha, na kwa karne kadhaa jeshi lake la majini lilitegemea hempu ya Urusi.

Kazi yake si ya mtoto. Mabua hukatwa mimea dume inapomaliza kumwaga chavua, maana ikichelewa uzi unakuwa mgumu kama kijiti. Kisha yanalowekwa ili bakteria wale gundi inayoshika ganda na moyo wa bua. Kwenye maji ya uvuguvugu ni siku 7 hadi 14. Yakitandazwa shambani kwa umande ni wiki 3 hadi 6. Ukitoa mapema, vipande vya moyo vinang'ang'ania kwenye uzi. Ukichelewa, bakteria wanaendelea mpaka kwenye uzi wenyewe, unakatika ukiuvuta. Maji yanayobaki yananuka na kuua samaki. Baada ya hapo mabua hukaushwa, hupondwa na kuchanwa, na uzi unaopatikana ni kama robo tu ya uzito wa bua. Uzi wenyewe ni imara, ila huoza ukilowa, ndiyo sababu kamba za meli zilipakwa lami. Uzi wa Manila uliostahimili chumvi bila lami, na baadaye mkonge kwa kamba za kazi za kawaida, ndio uliomnyang'anya hempu soko.

Njia ya kusini ndiyo inayotuhusu. Kutoka Asia ya Kati mmea uliingia India, huko ukawa wa tiba, wa ibada na wa kulevya, ukiliwa au kunywewa na maziwa. Kutoka India na Uajemi ukaenea nchi za Kiarabu. Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mimea wa karne ya 13, aliuona Misri ukipandwa bustanini. Pwani yetu ilikwisha kuwa na biashara na pande zote hizo. Jahazi lililoondoka Gujarati au Omani na upepo wa kaskazi, Desemba au Januari, lilitia nanga Kilwa au Zanzibar ndani ya wiki chache, na kurudi na kusi. Hapo ndipo ile hesabu ya mbegu inapoingia: safari ya wiki chache haiui mbegu ya bangi. Ingekuwa ya miaka, isingefika.

Kwa hiyo kundi la pili la wanafunzi wako liko karibu na kweli, ila "Waarabu" ni jibu jembamba. Mabaharia walikuwa Wahindi, Waajemi, Waarabu na Waswahili wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyeibeba bangi mpaka milima ya Kipengere. Kutoka pwani kwenda bara ilisafiri mikononi mwa Waafrika.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi vya shule vinaliruka. Kwa Wahindi na Waarabu wa enzi hizo bangi ililiwa au kunywewa. Kiko kilienea Asia baada ya tumbaku kuletwa kutoka Amerika, yaani baada ya mwaka 1500. Afrika kiko kilitangulia. Karibu na ziwa Tana, Ethiopia, kwenye pango la Lalibela, vilichimbuliwa vichwa viwili vya viko vya udongo kwenye tabaka la mwaka 1320 hivi, na uchunguzi wa kemia uliochapishwa mwaka 1975 ulikuta ndani yake mabaki ya bangi. Huo ni zaidi ya karne moja kabla ya Columbus. Kiko cha maji cha kibuyu au pembe, ambacho wasafiri walikikuta kuanzia Unyamwezi mpaka Natal, nakihesabu kuwa ubunifu wa Kiafrika: kibuyu kina maji, mrija unaingia majini ukiwa na kichwa cha udongo juu, mvutaji anavuta kupitia tundu la pembeni. Maji hupoza moshi na kunasa majivu.

Si kote walivuta, hata hivyo. João dos Santos, mtawa Mreno aliyekaa Sofala na bonde la Zambezi mwishoni mwa karne ya 16, aliandika katika kitabu cha mwaka 1609 kwamba watu wa kusini walikula majani yake, na waliozidisha walilewa kama waliokunywa mvinyo mwingi. Katika miaka ya 1850 Livingstone aliwakuta vijana wa Kimakololo, kwenye Zambezi ya juu, wakivuta. Burton, msafiri Mwingereza aliyepita njia ya kati kutoka pwani kwenda Ujiji mwaka 1857 na 1858, aliikuta bangi njiani.

Kasai, Kongo, mambo yalifika mbali zaidi. Hermann von Wissmann na Paul Pogge walipita kwa Wabashilange mwaka 1881 wakakuta dola zima la chifu Kalamba Mukenge limejiita Bena Riamba, wana wa bangi. Hirizi za zamani zilikuwa zimechomwa moto, silaha zimewekwa chini, na kuvuta pamoja kumefanywa kiapo cha undugu na amani. Mkosaji alivutishwa mpaka aanguke. (Wissmann huyu ndiye aliyekuja kuwa gavana wa Wajerumani hapa mwaka 1895, na meli yenye jina lake ndiyo iliyoshambuliwa na Waingereza Liuli, Ziwa Nyasa, Agosti 1914. Wanafunzi wa Ruvuma wanaijua.)

Tukiwa na hayo, tazama ramani ya kwetu. Nyanda za Juu Kusini zimekaa kwenye makutano. Mashariki kuna njia za misafara ya Kilwa kwenda Ziwa Nyasa na ya Bagamoyo kwenda bara. Kusini kuna Zambezi, ambako bangi ilikwisha andikwa kabla ya 1609, na njia ya kupanda kaskazini ilikuwa wazi. Wangoni wa Zwangendaba waliuvuka Zambezi Novemba 1835, siku ya kupatwa kwa jua, wakapanda mpaka Ufipa, na baadhi yao wakateremka Songea. Walitoka nchi ya Wanguni, ambako kuvuta kwa pembe ya ng'ombe lilikuwa jambo la kawaida la wanaume. Majina nayo yanasaidia: bangi, mbangi na mbanje yanaambatana kutoka pwani mpaka Zimbabwe, yote yakielekeza India, chamba ya Malawi inakaribia riamba ya Kongo na diamba ya Angola, iliyovuka bahari na watumwa mpaka Brazil, ambako baraza la mji wa Rio de Janeiro lilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 1830. Mpaka wa makundi hayo mawili ya majina unapita karibu na Ziwa Nyasa. Kwa maoni yangu hiyo inatosha kusema kwamba eneo letu lilipokea mmea huu kwa zaidi ya mlango mmoja, na kwamba anayetafuta mleta bangi mmoja anajisumbua.

Na kundi la kwanza usilivunje moyo. Babu aliyesema "tuliikuta" hakudanganya. Mahindi, maharage, viazi mviringo, vyote tunavyovihesabu kuwa chakula cha asili cha Iringa na Mbeya, vimetoka Amerika na havikuweza kukanyaga Afrika kabla ya karne ya 16. Bangi ina ushahidi Afrika ya Mashariki tangu karne ya 14. Mgeni wa muda mrefu kuliko ugali wa mahindi ana haki ya kudhaniwa mwenyeji.

Sheria za kuikataza ndizo changa. Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1922, na mwaka uliofuata ikaupelekea Umoja wa Mataifa wa wakati ule, wa Geneva, hoja ya kuiingiza kwenye udhibiti wa kimataifa. Kwenye mkutano wa kasumba wa Geneva mjumbe wa Misri aliisukuma kwa nguvu, na mkataba wa 1925 ukaitaja kwa jina la hempu ya India. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza kwa dhamana ya umoja huohuo.

Linabaki la Njombe. Hempu ya Ulaya ikipandwa kwetu hukwama kwa sababu ambayo mbolea haiitibu. Mmea huu husoma urefu wa mchana. Siku zikiwa na mwanga wa zaidi ya saa 14 hivi hurefuka tu. Zikipungua hapo hutoa maua na kuacha kurefuka. Ufaransa au Ukraine, Juni ina saa 16 za mwanga, bua linafika mita 2 hadi 4 kabla ya kuchanua. Mbeya iko nyuzi 9 kusini mwa ikweta: Desemba mchana hauzidi sana saa 12 na nusu, Juni ni kama saa 11 na nusu. Mbegu ya Ulaya ikiota hapa inadhani vuli imefika. Inachanua ikiwa bado fupi, na uzi haupo. Nadhani hii ni sababu kubwa ya njia ya kamba kubaki kaskazini na ya kulevya kushuka kusini: anayetaka maua hapungukiwi na siku fupi. Zipo aina za kusini zaidi, kama wanazosuka watu wa kabila la Wahmong wa milima ya Yunnan, China, na kaskazini mwa Thailand, zinazochelewa kuchanua. Lakini bangi huchavushwa kwa upepo, na chavua yake husafiri kilomita kadhaa. Jirani mwenye mmea wa kulevya akiwa upande wa upepo, mbegu utakayovuna kwako imechanganyika, na msimu wa pili shamba lako linaweza kuvuka ile asilimia 0.3 bila wewe kujua.

Kisheria, Malawi iliruhusu kilimo cha hempu na cha dawa kwa leseni mwaka 2020, Zambia ikatunga sheria zake mwaka 2021, na zote mbili tunapakana nazo pale Kasumulu na Tunduma. Leseni ya ng'ambo haivuki mpaka. Upande wetu kulima bangi ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na kifungo chake ni cha miaka mingi. Mwanafunzi wako akikutana na mtu anayeuza mbegu za "hempu halali" stendi ya Makambako, amwambie azipeleke Malawi.